Mkono Alioutoa Daktari Edinah

Maiti ilikuwa imekaa kitini, paji la uso limelazwa juu ya meza, kana kwamba mwenyewe amesinzia kidogo akisubiri chai. Kandokando ya chumba, juu ya vitanda, midoli ya plastiki ya kufundishia ililala chali na macho wazi. Inspekta Rahab Muturi alisimama mlangoni, akatazama midoli, akatazama maiti.

"Ni Daktari Edinah Nakhungu," alisema Sajini Wangila, kofia mkononi. "Mwalimu wa mafunzo ya vitendo. Bawabu ndiye amemkuta asubuhi hii. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, bila kufuli. Kwao ni Bungoma, karibu na kwetu."

Chuo chenyewe kiko nje kidogo ya mji wa Kitale, ukishapita Kibomet. Kinafundisha udaktari, na mtu akisoma pale kijiji kizima huanza kumwita daktari kabla hajajua ini liko upande gani.

Rahab alivaa glavu, akainama. Mkono wa blauzi wa kushoto ulikuwa umekunjwa hadi juu ya kiwiko. Ndani ya kiwiko palikuwa na kipande cha pamba, na juu ya pamba, plasta iliyokunjwa pembe moja. Karibu na vidole vya marehemu kilisimama kichupa kitupu cha dawa ya kulegeza misuli, ile ambayo wagonjwa hupewa kwenye chumba cha upasuaji mashine zikiwa tayari kuwapumulia. Hapa hapakuwa na mashine ya kumpumulia mtu.

"Amejiua," sauti ilisema nyuma yake.

Aliyesema ni Profesa Ngige, mkuu wa chuo, mtu mrefu, koti jeupe limepigwa pasi likaiva.

"Jamaa zake nimeshawapigia simu Bungoma," aliongeza.

"Ukawaambia nini?"

"Ukweli. Kwamba amejiua."

"Na wewe umeambiwa na nani?"

"Inspekta, mimi ni daktari. Kichupa kiko hapo, alama ya sindano iko mkononi. Ulitaka akuandikie kwa chaki?"

"Nilitaka uniachie kazi yangu, Profesa."

Wangila alikuwa ameshika kichwa. Alimvuta bosi wake kando, na kama kawaida yake akikasirika, ulimi wa kwao ukamtoka.

"Madam, hujui huyu mzee amefanya nini. Kwa boma kama ya kina Edinah, mtu akijiua hakuna matanga. Hakuna pasta. Watu hawakuji kukaa na mama, na mama mwenyewe ataambiwa anyamaze. Wanamzika nyuma ya migomba upesi upesi, harafu jina rake hariitwi tena."

"Hata daktari?"

"Hata waziri, bana."

Rahab alizaliwa Moi's Bridge, kwa wakulima wa mahindi, na kwao hata mlevi aliyeanguka mtoni alililiwa. Alimwangalia yule mwanamke mezani, shanga ndogo shingoni, viatu vimevuliwa vikapangwa vizuri chini ya kiti, na hasira ikampanda. Kama kweli alijiua, basi. Lakini kama hakujiua, kesho wangemfukia kama takataka kwa sababu ya simu ya mtu aliyekuwa na haraka.

"Wangila, sindano iko wapi?"

Sajini aliangalia juu ya meza. Akaangalia chini ya meza, chini ya kiti, mfukoni mwa marehemu.

"Hakuna."

Waliitafuta chumba kizima. Waliipata mlangoni, ndani ya kile kisanduku cha manjano kilichopigiliwa ukutani, kinachotumbukizwa sindano zilizotumika. Ilikuwa peke yake mle ndani. Na ule mpira wa kufungia mkono ili mshipa utokeze, ulikuwa umening'inizwa kwenye msumari wake.

Rahab alirudi mezani, akaketi kwenye kiti cha pili. Kulikuwa na kiti cha pili, kimesogezwa karibu kabisa na cha marehemu. Kwa nini hakukiona mapema?

"Hebu niambie, Wangila. Unataka kufa. Unajidunga. Halafu unainuka, unaenda mlangoni, unatupa sindano ili isimchome mfagiaji, unatundika mpira, unarudi, unajibandika plasta ili usichafue blauzi, ndipo unakufa?"

"Haiwezekani."

"Ndiyo. Na mimi nimeangalia ile plasta robo saa nzima bila kujiuliza aliibandika vipi."

Mchana huo, katika chumba cha kuhifadhia maiti, Daktari Waithaka wa serikali aliwathibitishia. Alikuwa mzee mpole aliyewaongelesha maiti wake kama wajukuu.

"Dawa hii ikiingia kwenye mshipa, miguu haikubebi," alisema. "Hangefika mlangoni. Hangeweza hata kuinua mkono kubandika hii plasta. Alibandikwa."

"Alipambana?"

"Hapana. Alama ni moja, safi kabisa. Huyu alikaa akatoa mkono wake mwenyewe." Alivua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu. "Kinachotisha ni kwamba dawa hii haizimi akili. Alikuwa anasikia kila kitu."

Wangila alitoka nje. Rahab alibaki, kwa sababu cheo kinamlazimisha mtu kubaki.

Walirudi chuoni, na wa kwanza kuhojiwa alikuwa Profesa Ngige.

"Nasikia marehemu alikuwa anafanya utafiti hapa chuoni. Utafiti gani?"

"Upuuzi. Alikuwa anawauliza wanafunzi na wahadhiri jinsi ufundishaji wa udaktari unavyoendelea. Kama wanatukanwa. Kama wanaogopa."

"Wanaogopa?"

"Udaktari si chekechea."

"Swali lililokuudhi zaidi lilikuwa lipi?"

Profesa alikunja uso. "Aliwauliza kama wamewahi kumdhuru mgonjwa kwa sababu waliogopa kumuuliza mwalimu. Swali gani hilo? Unataka dunia itufikirie vipi?"

"Na walijibu nini?"

"Bila majina. Lakini walijibu," alisema, na sauti ikashuka. "Walijibu wengi."

"Kwa hivyo ulikuwa na sababu ya kumnyamazisha."

"Nilikuwa na sababu ya kumfuta kazi! Tofauti ni kubwa."

Rahab alitoa pamba na plasta aliyoazima kwa nesi, akakunja mkono wa koti lake.

"Nibandike."

"Unasema?"

"Hapa ndani ya kiwiko. Kama umenitoa damu."

Profesa alimtazama kama mtu aliyeombwa acheze kibe na watoto. Alikata plasta, akaibandika ikakaa upande, akaikandamiza kwa kidole gumba. "Hii ni kazi ya manesi," alisema.

Rahab alishukuru, akatoka na mkono wake vilevile hadi kwenye uwanja, ambako wanafunzi wa mwaka wa mwisho walikuwa wamekaa kwenye nyasi wakilia. Alimwita kiongozi wao, kijana anayeitwa Jotham.

"Niaje, madam," kijana alisema, akajirudi haraka. "Pole. Shikamoo."

"Nibandike plasta mkono wa pili."

Jotham hakuuliza. Alikata, akaikunja pembe moja ya plasta kidogo ikawa kama sikio, kisha akaibandika juu ya pamba. Vidole vyake vilifanya hayo macho yakiwa bado yanatokwa na machozi.

"Kwa nini umekunja hapa?"

"Si ni Daktari Edinah. Ati mgonjwa akibandua asichunike ngozi. Usipokunja, unanyimwa alama. Sindano kwa kisanduku, mpira kwa msumari, plasta na sikio. Alitukaririsha mpaka tunaota."

"Mwalimu mwingine anafundisha hivyo?"

"Hakuna. Hao wengine wakiona hiyo sikio wanatucheka."

Rahab alikaa kwenye nyasi bila kujali sketi yake ya kazini. Plasta ya marehemu ilikuwa na sikio. Aliyemuua alikuwa mmoja wa hawa, na alimaliza kazi ile jinsi alivyofundishwa, hatua kwa hatua. Mwanamke yule aliuawa kwa mikono aliyoizoesha yeye mwenyewe. Rahab aliwaangalia vijana waliokumbatiana mbele yake, na kwa mara ya kwanza katika kazi hii aliogopa vilio.

Waliwahoji mpaka jua likazama. Kila mmoja alidai kwamba asubuhi hiyo alikuwa wodini. Aliyewasaidia sana ni Joy, mwanafunzi mwenzao aliyekuwa msaidizi wa marehemu katika utafiti, binti mwembamba mwenye sauti ya chini.

"Ulimwona mara ya mwisho lini?"

"Jana jioni, madam. Nilimsaidia kubeba vitabu mpaka kwa gari. Leo asubuhi nimekuwa wodi tu."

"Alikuwa na adui?"

"Daktari Edinah? Huyo ndiye mwalimu pekee hatukuwa tunaogopa." Alijifuta pua. "Madam, naomba ruhusa niende Bungoma. Mama yake ana presha, na nasikia hakuna mtu ataenda kukaa na yeye."

Rahab alimruhusu. Alimwonea hata fahari.

Kesho yake asubuhi, Wangila alipokea simu. Alisikiliza, akakata.

"Wameshatoa mwili mochwari usiku, wameanza kuchimba," alisema. "Nyuma ya migomba."

"Niliwaambia mwili usitoke!"

"Karatasi ya kuzuia ilichelewa, madam. Na Profesa aliwatilia sahihi."

Waliondoka mbio kuelekea Bungoma. Rahab hakuongea njia nzima, ila kumtukana Ngige mara mbili.

Boma la kina Nakhungu lilikuwa kimya kiasi cha kuogofya. Hapakuwa na turubai, wala viti vya kukodi, wala sufuria jikoni. Majirani walipita barabarani wakiangalia upande mwingine. Nyuma ya migomba, majembe yalisikika. Mzee Wakhungu, baba mdogo wa marehemu, aliwapokea akiwa amesimama.

"Mzee wangu, shikamoo. Naomba msizike leo," Rahab alisema. "Mtoto wenu aliuawa."

"Nani amemuua?"

"Bado sijamjua."

"Inspekta, mimi si mtu mbaya. Huyo mtoto nilimbeba mgongoni. Lakini mkubwa wake wa kazi alitupigia mwenyewe, akasema amejiua. Wewe unasema ameuawa, na hujui na nani. Nitawaambia watu nini?" Alikohoa, macho mekundu. "Leta mtu aliyemuua, tutachimba pale mbele, karibu na baba yake. Bila hiyo, jua likisimama utosini tunazika."

Jua lilikuwa limeshaanza kupanda. Rahab aliingia ndani bila kujua angefanya nini. Alikuwa na chuo kizima cha washukiwa na jina la mmoja hana.

Mama Linah, mama wa marehemu, alikuwa ameketi kwenye kochi, khanga kichwani, macho makavu. Joy alikuwa amepiga magoti kando yake, akimfunga mkononi kitambaa cha mashine ya presha. Binti aliinua macho, akamsalimu Rahab kwa upole.

Rahab aliketi. Alikuwa amechoka, na mtu akichoka hurudia alichofunzwa nyumbani. Kwao, ukiingia kwenye msiba unamwomba mfiwa akusimulie siku za mwisho za mtu wake. Anasimulia, unasikiliza, anayefuata naye anauliza, na mpaka siku ya mazishi mfiwa amesimulia mara mia na moyo umepata njia ya kupumulia.

"Mama, pole sana," alisema. "Edinah alikuambia nini mara ya mwisho?"

Mama Linah alimgeukia polepole.

"Hiyo kitu hakuna mtu ameniuliza," alisema. "Wameniambia ninyamaze, mimi nimenyamaza."

"Mimi nakuuliza. Niambie yote."

"Alinipigia juzi jioni. Akasema, mama, mifupa inaniuma, nafikiri ni malaria. Nikamwambia kunywa dawa. Akacheka. Akasema, mama, daktari hanywi dawa bila kupima. Kesho asubuhi kabla ya masomo, huyu Joy wangu atanitoa damu, mkono yake ni mwepesi hata sisikii."

Joy alikuwa anakamua ule mpira wa mashine. Mkono wake ulisimama. Kitambaa kilibaki kimejaa upepo, kimeubana mkono wa yule mama.

"Wewe mtoto, unanifinya," Mama Linah alisema.

Joy hakufungua. Alikuwa anaangalia ukutani, na midomo yake ilikuwa myeupe. Rahab aliinuka, akafungua kitambaa kile kwa mkono wake.

"Joy, uliniambia hukumwona asubuhi."

Joy aliushika mpira wa mashine kwa mikono miwili.

"Ulimtoa damu?"

"Madam..."

"Iko wapi hiyo damu? Uliipeleka maabara gani?"

Wangila alisogea mlangoni. Nje majembe yaliendelea.

"Huna lazima ya kusema chochote," Rahab alimwambia. "Ukisema, litaandikwa na litasomwa mahakamani. Umeelewa?"

"Nimeelewa." Joy alikaa sakafuni. "Haikuwa damu. Alifikiri nachota. Mimi nilikuwa nasukuma."

Mama Linah aliweka mkono mdomoni.

"Hakuona?" Rahab aliuliza.

"Alikuwa ameangalia kando. Hakuna mtu anajua hii, lakini Daktari Edinah alikuwa anaogopa sindano yake mwenyewe. Kudunga wengine sawa. Yake, hapana. Nikaweka kichupa karibu na yeye, ionekane ni yeye amefanya."

"Dawa ulipata wapi?"

"Kwa chumba cha upasuaji. Niko huko mwezi huu."

"Na kwa nini hukuiacha sindano mezani?"

Joy alikunja uso. "Si niliiacha?"

"Uliitumbukiza kisandukuni. Ukatundika mpira. Ukambandika plasta yenye sikio."

"Mimi?" Aliiangalia mikono yake kama ya mtu mwingine. "Sikumbuki. Haki ya Mungu, sikumbuki." Ndipo akaanza kulia, safari hii kwa kelele ya kutisha, na Rahab akajua vilio vya jana havikuwa vya uongo pia.

"Alikukosea nini?"

Maneno yalimtoka Joy vipande vipande. Mwaka uliopita alikuwa wodi ya kina mama. Kulikuwa na mama mmoja kutoka Matisi, amejifungua salama, anahitaji dawa kwenye dripu. Joy hakuwa na hakika ya kipimo. Profesa Ngige alikuwa kitanda cha pili, lakini asubuhi hiyohiyo alikuwa amemwita ng'ombe mbele ya wagonjwa wote. Joy aliogopa kuuliza tena. Akakisia. Kabla ya adhuhuri yule mama alikuwa amekufa, na jamaa zake wakaambiwa ni moyo.

"Sikuambia mtu. Halafu ikakuja hii utafiti. Mimi ndiye nilikuwa nasaidia kusoma majibu. Nikaona wengine wameandika vitu kama yangu. Nikafikiri, kumbe si mimi peke yangu. Nikamwambia Daktari Edinah. Kwa mdomo. Alikuwa ametuahidi sote, kinachosemwa kwa utafiti hakitoki nje."

"Akakasirika?"

"Angekasirika, ningevumilia!" Joy alipiga sakafu kwa kiganja. "Alinikumbatia. Tulilia na yeye. Halafu wiki iliyofuata akaniita. Akasema, Joy, hii siri siwezi kuweka. Kuna watoto wanafikiri mama yao alikufa tu. Akasema tutaenda Matisi, mimi na yeye, ataongea kwanza, mimi niseme pole. Akasema atasimama na mimi hata kwa bodi ya madaktari. Nikamwambia nimebakisha miezi tu nimalize. Nyumbani wameshaniita daktari, hata mbuzi ya sherehe imeshachaguliwa. Akasema, ndiyo maana twende kabla hujawa daktari." Alimeza mate. "Tungeenda Jumamosi hii."

Rahab alikuwa ameshakamata wezi, wauaji wa ugomvi wa mashamba, hata mtu aliyemchoma kaka yake ndani ya nyumba. Wote aliwachukia bila shida. Huyu alimshinda kumchukia. Alimwangalia, akaona jinsi woga mmoja mdogo wa asubuhi moja wodini ulivyoua wanawake wawili.

Wangila alimfunga pingu. Alimfunga taratibu, na machozi yakimdondoka waziwazi.

"Sajini," Rahab alisema, "toka useme hao watu waache kuchimba."

Lakini Mzee Wakhungu alikuwa amesimama dirishani kitambo, na alikuwa amesikia. Alivua kofia. Akatembea hadi nyuma ya migomba, na majembe yakanyamaza. Punde yakaanza kusikika tena, mbele ya boma, karibu na kaburi la baba. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita barabarani alisimama, akauliza, akaambiwa. Alitua mzigo wake chini akapiga ukemi, na ukemi ukajibiwa ng'ambo, na ng'ambo ya pili, mpaka kijiji chote kikawa kinamlilia Edinah kwa jina lake.

Mama Linah bado hakuwa amelia. Alikuwa anamtazama Joy, na Rahab alijiweka katikati yao kwa tahadhari.

"Ulikuwa na yeye mpaka mwisho?" mama aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Ulimwambia kitu?"

Joy aliinamisha kichwa. "Nilimwambia pole."

Rahab alikumbuka maneno ya Daktari Waithaka, kwamba marehemu alikuwa anasikia, akauma meno asije akayatamka. Alimwashiria Wangila amtoe binti nje haraka, kabla watu hawajajaa.

Mama Linah alijifunga khanga upya, akasimama kwa taabu.

"Inspekta, hao watu wa Matisi. Wale watoto. Wameshaambiwa?"

"Bado, mama. Hakuna anayejua ila sisi."

"Leo namzika mtoto yangu. Sitaweza." Sauti ilimkatika, akashika ukuta, na ndipo machozi yakaja, mengi, yakashuka hadi kidevuni bila yeye kuyafuta. "Lakini Jumamosi uje na gari, unichukue. Si ndiyo siku alikuwa amesema ataenda?"